Mtani Hapigiwi Magoti

Mwaka ule tulikula njano. Usiniulize tarehe, maana mie tarehe nilizijua ukubwani, kwenye darasa la ngumbaro, nimeshika kalamu kama nimeshika mwiko. Niulize tulikula nini. Tulikula unga wa njano, ule wa msaada tuliouita yanga, ugali wake ukipoa mtoto akiutupa ukutani, ukuta ndio unaoumia. Sukari ilikuwa hadithi. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Vita vya kumtoa nduli wa Uganda vilikuwa vimekwisha, vijana wanarudi mmojammoja, na kwenye duka la ushirika hamna kitu ila muuzaji na nzi wake.

Nakumbuka siku moja ya mwaka huo kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Nimeona nikuandikie, Zuhura, kwa sababu juzi ulipokuja na wenzako kupanga sherehe ya kumshukuru Mzee Maganga, uliniambia neno likanikaa kifuani. Ulisema, "Bibi, siku hiyo umwamkie kwa adabu. Usije ukamtukana mbele ya mgeni rasmi. Yule ni shujaa." Sikukujibu. Magoti yalikuwa yananiwaka, na jibu lenyewe refu. Nimekaa nalo siku zote hizi. Wewe ni mjukuu wangu, lakini kwa jambo kama hili nakuita mwanangu.

Mwanangu, mie na kaka yangu Shomari tulilelewa hapahapa Temeke na bibi yetu, wazazi walitangulia mapema. Bibi alikuwa mwembamba kama ufito, unene wake wote ulikuwa kwenye ulimi. Shomari alikuwa anatembea amepanua nyayo kama bata, mcheshi, hapendi kuamka asubuhi mpaka amwagiwe maji. Na rafiki yake ndiye huyu Maganga, Mnyamwezi aliyekuja mjini kutafuta kazi akapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wote wawili walibeba magunia kwenye ghala moja kule Chang'ombe.

Sasa sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Nyie wa siku hizi utani mnaujua wa kwenye simu tu. Wetu ulikuwa na kazi. Mtani anakutukana mbele ya wakweo na huruhusiwi kukasirika. Anaingia jikoni kwako, anafunua chungu, anakula, anakwambia hujui kupika. Na siku ya msiba ndiye huyohuyo anayechimba kaburi, anayebeba, anayepika. Akishafanya hayo anavaa shati la marehemu, anatembea kama marehemu, anasema vituko vya marehemu, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawashuka. Hapo ndipo tanga linapoanuliwa. Msiba usio na mtani ni mwiba uliokatikia mguuni, juu pamefunga, ndani panatunga.

Maganga alikuwa akipita mlangoni asubuhi kumwita Shomari waende kazini, anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Wazaramo! Amkeni! Ngoma imekwisha tangu jana!" Na Shomari anajibu toka kitandani: "Tangulia wewe, Mnyamwezi. Babu yako alibeba mizigo mpaka Kigoma bila kumsubiri babu yangu!" Bibi anacheka, anawapa mihogo, wanaondoka. Ndivyo siku zilivyoanza kwetu.

Vita vikaja. Wote wawili walikuwa mgambo, wakachukuliwa pamoja.

Kisha siku moja wakaja askari wawili, kofia mkononi. Mtu akija kwako na kofia mkononi, mwanangu, hana haja ya kusema. Shomari amefia Uganda, amezikwa hukohuko. Wakatoa shukrani za taifa, wakanywa maji, wakaondoka. Msikitini wakamsalia sala ya maiti asiyekuwepo. Bibi akatandika mkeka ukumbini, akakaa.

Wanyamwezi wa mtaani walikuja, wala siwasingizii. Lakini walikuja wameinamisha vichwa. Walikaa ukutani kama wageni wa posa, wakasema, "Poleni, mmetoa shujaa," wakaondoka kwa kunyata. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amepita akiwaonya watu: huu ni msiba wa taifa, mtu asilete mchezo. Basi hakuna aliyevaa shati la Shomari, hakuna aliyetembea kama bata. Siku ya kuanua tanga ilipofika, masheikh wamesoma, pilau ya kuazima imeliwa, bibi akakataa kuinuka.

Akasema, "Kaburi sikuliona. Sanda sikuiona. Hata mtani nisimwone? Basi huko mjukuu wangu alifukiwa kama mbwa. Acheni mkeka wangu."

Wakamwacha. Arobaini ikapita, bibi yuko mkekani. Analala hapo, anakula hapo, kama kula ndiko kule. Nyama ikamwisha, zikabaki ngozi na macho. Watu wakaanza kusema bibi huyu anamfuata mjukuu wake. Na mie nilikuwa nimebaki naye peke yake duniani. Nikilala nasikiliza kama anapumua.

Ndipo Maganga akarudi. Alikuja na lori pamoja na wengine, wanawake wakatoka na vigelegele, wakatandika kanga barabarani, na mwaka ule kanga ilikuwa mali, unaifulia majani unaiogopea isichanike. Wakamshusha. Mguu mmoja ulikuwa umekatwa chini ya goti. Wakambeba juu, "Shujaa! Shujaa!" mpaka mlangoni kwake. Akasema ahsanteni. Akaingia, akafunga mlango.

Hakutoka. Watu wakampelekea chakula, wanabisha kwa sauti ya msibani, "Shujaa wetu, karibu chakula," naye anajibu, "Ahsanteni, Mungu awabariki," na sahani jioni unaikuta ilivyo, ugali umekauka juu. Maganga, mtu aliyekuwa anakomba chungu cha watu kwa kidole! Na kwetu hakuja hata kutoa mkono wa pole. Nyumba ya tatu tu, na bibi amekaa mkekani anamsubiri, masikio yamesimama kila fimbo ikigonga chini nje.

Balozi akaniita. "Tatu," akaniambia, maana ndilo jina langu, "wewe ndiye dada wa marehemu. Kamwombe aje ampe bibi yako pole. Lakini kwa heshima, mwanangu, yule si Maganga tena."

Nikaifua kanga yangu pekee nzuri. Nikaenda, nikaitandika mlangoni kwake, nikapiga magoti, nikainamisha kichwa. Mlango ulipofunguka nikasema, "Shikamoo, shujaa."

Mie na yeye tulikuwa rika moja, mwanangu. Mwezi mmoja kabla ya vita nilimmwagia maji ya vyombo.

Alisimama pale na magongo yake. Hakuitikia. Nilikuwa naona mguu mmoja tu na ncha mbili za mti. Kisha akasema, polepole, "Tatu. Hata wewe?" Mlango ukafungwa, wala haukubamizwa. Afadhali angeubamiza.

Nikarudi nyumbani najiona nimefanya la maana. Nikamwambia bibi nimempigia magoti, nimemwita shujaa, hakutaka. Bibi aliniangalia kama mtu anayeangalia mboga iliyooza.

"Umempigia magoti nani?"

"Maganga."

"Maganga huyu aliyekuwa anaiba mihogo yangu? Maganga aliyesema kwenye harusi ya shangazi yako kwamba sie wote tuna vichwa kama madafu? Huyo ndiye umemwamkia shikamoo?"

"Bibi, ni shujaa, balozi kasema…"

"Balozi ana watani? Nyie watu mna nini? Mtu karudi kwao na roho yake mkononi, anatafuta mlango wa kuingilia, na kila mlango mnaweka kanga na vigelegele, hana pa kukanyaga! Mtani akishaanza kukuheshimu, ujue keshakutoa duniani. Mmemzika yule kijana na macho yake mawili yanaona. Lete fimbo yangu."

Akainuka. Mkekani pale, tangu ile siku ya arobaini na kabla yake, hakuwa ameinuka ila kwa haja. Nikamshika, akanisukuma. Tukatoka, yeye mbele na fimbo, mie nyuma na hofu. Njiani balozi akatuona, akaja mbio, maana ulimi wa bibi alikuwa anaujua.

"Bi Mkubwa, unakwenda wapi? Nakuomba usimfanyie yule mchezo wa utani. Ni shujaa wa taifa. Wakubwa wakisikia tutajibu nini? Msalimie kwa heshima, urudi."

Bibi hakupunguza hata mwendo. Akasema, "Mtani wangu bado anapumua. Heshima za maiti simpi."

Akafika mlangoni kwa Maganga, akaupiga kwa fimbo mpaka kuku wa jirani wakaruka.

"We Mnyamwezi! Nasikia umeacha mguu Uganda. Umeuweka rehani ya nini, pombe ya ndizi?"

Balozi akajishika kichwa. Wanawake waliokuwa kisimani wakasimama na ndoo zao. Ndani kimya.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Mie sikukwambia uangalie unapokanyaga? Na ulimi je, nao umeuacha huko? Toka nje! Una mzigo wako kwangu, umelala ukumbini unanuka. Tangu lini Mnyamwezi akakimbia mzigo?"

Bibi akawa anahema, ameegemea fimbo. Nikaona sasa ataanguka, na mie nitabaki na maiti mbili. Ndipo sauti ikatoka ndani, nzito, ya mtu aliyelala na koo kavu.

"Kelele, kikongwe. Mzaramo akikosa ngoma anakuja kupiga milango ya watu."

Mwanangu, mtaa mzima ulishusha pumzi. Bibi hakucheka, lakini shingo yake ilisimama. "Kumbe hujafa," akasema. "Basi vaa uje, nimechoka kukusubiri."

Akaja. Alikuja na magongo yake na watu nyuma yake, hakuna aliyethubutu kumshika. Ukumbini kwetu akautazama ule mkeka. Kisha akasema, "Shati lake liko wapi?" Nikamletea lile la kahawia la kazini. Akalivaa juu ya lake. Akatupa gongo moja, akabaki na jingine, akaugeuza ule mguu mmoja nyayo nje, akaanza kutembea.

"Mguu mwingine wa bata nimeusahau," akasema, "mtausamehe."

Alikuwa Shomari. Mabega yale, kichwa kile, kuvuta pua kule. Akaanza kulalamika kwa sauti ya Shomari: "Asubuhi ndizi, mchana ndizi, usiku ndizi! Mie mtu au ngedere? Nani huko Temeke aniletee bada la muhogo na papa? Hivi viatu alivaa nani kabla yangu, tembo?" Watu wakaanza kucheka kwa kujibana, kisha wakashindwa kujibana. Mie nilicheka mpaka nikakaa chini, na chini pale kicheko kikageuka, nikalia kwa mara ya kwanza kama mtu aliyefiwa. Bibi alikuwa anapiga paja lake, "Ndiye! Ndiye huyohuyo!"

Kisha Maganga akajishusha mkekani, akalala chali. Tukadhani bado anacheza, tukangoja kichekesho.

"Alilala hivi," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Chini ya mgomba. Nikamwambia, Mzaramo amka, umezoea kulala kazini. Hakujibu. Nikamtukana ukoo wake wote. Hakujibu. Nikamtukana na wewe, kikongwe. Shomari, umtukane bibi yake, akunyamazie? Ndipo nikajua."

Akalishika shati la Shomari kifuani.

"Neno la mwisho alilolisikia duniani ni tusi langu. Na nyie mnanitandikia kanga."

Nilimwona bibi anaiangalia miguu yake mwenyewe aliyoinyoosha mbele.

"Ulinitukana vipi?"

"Nilisema bibi yako ana miguu ya kuku wa kienyeji."

"Ahaa." Akaigeuza miguu yake huku na huku, akaitazama vizuri. "Hukusema uongo." Kisha akashusha pumzi, pumzi ile ndefu ya mtu anayetua ndoo. "Basi alizikwa. Mtani alikuwepo, akamwita, akamtukana, akamfunga macho. Ulimfunga macho?"

"Nilimfunga."

"Alizikwa kama mtu. Tatu! Shika upande ule."

Nikashika ncha moja ya mkeka, yeye akashika nyingine. Maganga bado amelala katikati.

"Toka mkekani, Mnyamwezi, au tukukunje nao."

Akabingirika sakafuni, akaanza kucheka, na kile kicheko kilichukua muda mrefu kuisha, na hakikuwa kicheko kitupu. Mkeka ukakunjwa. Akadai haki yake ya utani, akataka jogoo. Jogoo tungemtoa wapi? Tukampa ugali wa njano na matembele. Akaumaliza wote, akakomba chungu kwa kidole, akauliza kama huu ni ugali au tulikuwa tunajenga nyumba tukapungukiwa tofali. Bibi yangu aliishi miaka mingine mingi baada ya hapo, akamwona hata mama yako anazaliwa.

Sasa, mwanangu, hayo Maganga alimsimulia bibi siku ile, na hajayasimulia tena. Kila mwaka watu wanamwita, wanamvisha, wanampa kipaza sauti, naye anasema ahsanteni, Mungu awabariki. Unaisikia hiyo ahsanteni? Ni ileile ya nyuma ya mlango. Anaporudi kwake jioni anavua koti peke yake, na adhabu ya kaburi aijua maiti. Wewe unamwona anapita hapa asubuhi na gongo lake, unasikia ananipigia kelele, "Tatu, hujafa bado? Sanda yako inazeeka dukani!" na unasikia ninavyomjibu, unaona aibu, unafunga dirisha. Usifunge. Siku asiyopita, mie na magoti yangu haya mabovu naenda kumgongea mlango kwa fimbo ya bibi yangu. Tangu mwaka wa unga wa njano sijamwambia ahsante hata siku moja. Hayo matusi ndiyo ahsante yangu, na yeye anaijua.

Simkatazi mtu sherehe. Roho yako ya shukrani najivunia, nawatambia nayo majirani mpaka wananichoka. Mpeni maua yake, mwimbieni, mgeni rasmi aseme yake. Lakini sikia la mtu mzima. Aisifuye mvua imemnyea, na nyie mvua ile haikuwanyea, basi punguzeni kusifu, kaeni naye. Usimuulize aliua wangapi. Muulize walikula nini. Akianza na ndizi, mengine yatafuata yenyewe, na yasipofuata, nyamaza naye. Akikutania mjibu, umerithi utani huo toka kwa babu zako, usiuache ukafa mikononi mwako. Shomari mtajeni kwa jina na kwa mwendo wake wa bata, si kwa jina la shujaa tu, maana mashujaa ni wengi, mwenye nyayo zile alikuwa mmoja. Na viti vikishakunjwa, turubai likishashushwa, wewe usiondoke na wenzako. Mfuate mzee mpaka kwake, umfunulie chungu uone kama kuna kitu ndani. Shukrani ya mbele za watu ni nusu, nusu nyingine iko jikoni kwake.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na miguu ya kuubeba. Akupe mtu wa kukutukana ukiwa hai na wa kukufunga macho ukiwa mbali na kwenu. Waliolala chini ya migomba ya watu, awape usingizi mzuri, hasa yule asiyependa kuamka.

Na lile uliloniomba, kwamba siku hiyo nimwamkie kwa adabu na kufunga mdomo wangu, nimelifikiri usiku na mchana. Jibu ni la bibi yangu, sikuliongeza wala sikulipunguza. Mtani wangu bado anapumua. Heshima za maiti simpi.